Unakwenda Wapi

Mramba hakuwahi kumpiga Hasina hata kibao kimoja, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Angempiga, mambo yangekuwa mepesi. Mjomba angevaa kanzu yake na kwenda kumkalisha kitako, wanawake wa Kibuyuni wangempa kisogo kila akipita, na yeye Hasina angekuwa na kitu cha kuonyesha. Lakini mume asiyepiga, asiyelewa, asiyekosa sala, anayeshuka kutoka kazini hotelini Galu na mfuko wa unga mkono mmoja na mafuta mkono wa pili, utamshitaki kwa lipi?

Kila mtu alimpenda. Mama yake Hasina alimpenda kuliko wanawe wa kuzaa, maana wanawe hawakuwa wakimuuliza kama miguu bado inauma. Mzee Chirau, mjomba wa Hasina ambaye ndiye aliyemwozesha, alikuwa akimtaja barazani kama mfano kwa vijana wa hapo. Mtu wa bara kavu, alikuwa akisema, katoka Kinango kwenye ng'ombe na vumbi, lakini adabu yake utadhani kazaliwa msikitini. Na ni kweli Mramba alikuwa na adabu. Alikuwa na adabu nyingi mno, ukiniuliza mimi.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Kazi ilimweka Galu siku nyingi, na mkewe alibaki katika nyumba waliyopanga Kibuyuni, hatua chache kutoka kwa mama yake. Basi alikuwa akimpigia simu asubuhi kuuliza kaamkaje, mchana kuuliza kala nini, jioni kuuliza yuko wapi. Wenzake Hasina wa kikundi cha mwani walimwonea gere, kwa kuwa waume zao wakishatoka mlangoni hawasikiki tena mpaka njaa iwarudishe. Walimtania kwamba kaolewa na redio. Hasina alicheka, na moyoni alijiona mwenye bahati.

Kisha lile swali la yuko wapi likaanza kutaka ushahidi. Akisema yuko kwa mama, aombwe picha. Akipiga picha ya mama, aulizwe ule mguu wa nani unaoonekana pembeni. Akichelewa kupokea simu, Mramba hakugomba, hakutukana, alinyamaza tu. Alikuwa akija mapumzikoni anakaa siku nzima bila neno, chakula kinapoa mbele yake, mpaka Hasina apige magoti na kuomba radhi kwa kosa asilolijua. Hapo Mramba alikuwa akitabasamu na kumwambia kwamba amemsamehe, na Hasina, maskini, alikuwa akimshukuru.

Rafiki zake nao walipukutika mmoja mmoja. Huyu anacheka sana, si mzuri. Yule nduguye aliachika, ana mkosi. Wa mwisho kukatwa alikuwa Bi Mwanarusi, somo yake, bibi aliyemfunda alipovunja ungo na kumkabidhi kwa mume siku ya harusi. Somo kwa watu wa pwani si mtu wa kuachwa hivihivi. Lakini Mramba alisema kwa upole kwamba mwanamke asiye na mume hana la kumfundisha mke wa mtu, na Hasina akaacha kupita kwa Bi Mwanarusi, akawa anazunguka njia ya nyuma ili wasionane.

Siku moja alikwenda dukani kununua sabuni. Mwenye duka alimuuliza anataka ya maji au ya kipande. Hasina alisimama. Akaangalia ile, akaangalia hii, na alipozinduka mkono wake ulikuwa umeshatoa simu na kuanza kulitafuta jina la Mramba, amuulize. Sabuni! Alirudi nyumbani mikono mitupu, akaketi kitandani. Aliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya ndoa yake, na hakumwogopa Mramba. Alijiogopa mwenyewe.

Mahali pamoja tu palibaki pake, napo ni baharini. Mwani hulimwa maji yakipwa, na simu haiingii kwenye maji ya chumvi. Alikuwa akiifunga ndani ya kanga, akiiweka kwenye ndoo ufukweni, akishuka na wenzake mpaka maji yamfike mapajani, na huko alikuwa akifunga mwani kwenye kamba na kuinua sauti. Wenzake walisema anaimba kama aliyetoka kifungoni, wakacheka, naye akacheka nao, lakini hakuona cha kuchekesha.

Siku iliyovunja mambo, Mramba alipiga simu na ndoo ndiyo iliyosikia. Alipanda pikipiki kutoka Galu na kibarua chake kikamngoja. Hasina alipotoka majini alimkuta amesimama ufukweni, viatu mkononi, akitabasamu. Alimpokea ndoo, akambebea mpaka nyumbani, na wanawake wakasema laiti waume wote wangekuwa hivi. Ndani ya nyumba akamwambia polepole, kama mtu anayempa zawadi, kwamba amepata chumba Galu, nyuma ya hoteli. Watahamia mwezi ukiandama. Habari ya mwani iishe, hana haja ya kuhangaika. Na kwa kuwa mtaa ule una watu wengi wasiojulikana, atakuwa akifunga mlango kwa nje anapokwenda kazini, kwa usalama wake.

Hasina alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwandalia chai. Na Mramba alipokwenda kusali, akachukua nguo zake alizoweza kubeba kichwani, akaenda kwa mama.

Mama alimpokea na maswali ambayo yeyote angeyauliza. Amekupiga? La. Amekunyima chakula? La. Ana mwanamke mwingine? La. Mama alishika tama. Alimwambia bintiye kwamba wako wanaokula mihogo mikavu na makofi juu yake, na bado wamekaa, sembuse yeye anayependwa mpaka kufuatwa ufukweni. Hasina alitaka kumweleza habari ya sabuni, akaiona ni ndogo mno, akaiacha. Mzee Chirau akaitisha kikao ili ndoa irudishwe mahali pake, na kila mtu alijua maana yake: akirudishwa, anarudishwa Galu, kwenye mlango unaofungwa kwa nje.

Kikao kilikaliwa siku ya mapumziko ya Mramba, baada ya sala ya adhuhuri, sebuleni kwa mama. Mzee Chirau aliketi kwenye kiti kimoja kilichokuwepo. Baba mdogo wa Mramba, mzee mpole aliyeletwa kutoka Kinango, aliketi mkekani na wazee wengine wawili wa hapo. Mama na Hasina walikaa upande wa mlango wa uani. Kabla hawajaanza akaingia Bi Mwanarusi, fimbo mkononi, akaamkiwa shikamoo na wote waliokuwa wadogo kwake, akaitikia marahaba moja ya jumla na kuketi. Mramba alisema kwa heshima zote kwamba hakudhani mambo ya ndani yanahitaji watu wa nje. Mzee Chirau alimjibu kwamba somo hangoji kualikwa, na akampa Mramba nafasi aseme lake.

Mramba alisema vizuri. Alimsifu mama mkwe, aliwashukuru wazee, akaeleza kwa sauti ya huzuni kwamba anampenda mkewe lakini ameingiwa na shaka, na shaka yake ina ushahidi. Akaanza kuueleza, bila karatasi, bila kuangalia simu, kila kitu kichwani. Kwamba mkewe alianza wiki kwa kutoka nyumbani asubuhi, jua halijakaza. Siku iliyofuata alitoka saa moja hivi baadaye. Ya tatu akachelewa zaidi. Mwisho akawa anatoka adhuhuri iko karibu. Kisha wiki nzima akakaa nyumbani, ati hakuna kazi. Kisha ghafla akaanza tena asubuhi, na kusogeza vilevile.

"Kazi gani ya halali isiyo na saa zake, wazee wangu?" Mramba aliuliza. "Kwetu ng'ombe hutoka saa ileile kila siku. Mimi kazini naingia saa ileile kila siku. Anayebadilisha saa ana mtu anayemfuata, na huyo mtu ndiye anayempangia saa."

Mzee Chirau alimtazama mkwewe, halafu akatazama dari, mabega yakaanza kumtikisika. Mzee mmoja akakohoa. Mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekunja uso, alijifunika mdomo kwa ukaya wake wa kichwani. Na Bi Mwanarusi hakujifunika chochote. Alicheka mpaka akalazimika kushika fimbo kwa mikono miwili.

"Mkwe wangu," Mzee Chirau alisema alipopata pumzi, "huyo mtu tunamjua. Hata mimi amenipangia saa maisha yangu yote. Anaitwa bamvua."

Wakamweleza, kila mmoja akidakia mwenzake, mambo ambayo mtoto wa Kibuyuni huyajua kabla ya kuota meno ya pili. Kwamba bahari haiendi na saa ya ukutani. Siku za bamvua maji hutoka mbali na kuacha mashamba ya mwani wazi, na kila siku huchelewa kuliko jana. Yakija maji mafu, hayatoki vya kutosha, na mkulima wa mwani hukaa nyumbani. Kisha mwezi ukigeuka, bamvua hurudi. Baba mdogo wa Mramba alisikiliza akiwa ameduwaa, akasema kwamba yeye pia hakuwa akijua, na watu wakacheka naye kwa wema.

Mramba hakucheka. Uso ulimshuka, halafu, kabla kicheko hakijaisha, machozi yakaanza kumtoka. Alijivuta mpaka mbele ya Mzee Chirau akashika miguu yake. Akasema amekosa, amemdhania mke mwema, ujinga wa mtu wa bara ndio uliomponza. Aliomba asamehewe na arudishiwe mkewe leo hii, wapande gari pamoja.

Raha iliyoingia mle ndani huwezi kuieleza. Mambo yaliyokuwa yaharibu ukoo kumbe ni maji tu! Mama alikuwa akilia kwa furaha. Wazee walikuwa wakimpigapiga Mramba mgongoni, na Mzee Chirau alisema kikao kimekwisha kabla hakijaanza. Mke amesafika, mume ametubu, ndoa iko palepale. Akawaambia wainue mikono wasome Fatiha.

Mikono ikainuka. Hasina aliitazama mikono ile, mmoja baada ya mwingine, na akaona mlango wa Galu unafungwa kwa Fatiha ya watu wanaompenda.

"Msisome," alisema.

Hakupaza sauti, lakini hilo ni neno ambalo halikuwahi kusemwa katika nyumba ile. Mama alimvuta kanga. Hasina akaikwapua kanga yake.

"Mmecheka, wazee wangu, na mimi nimecheka," alisema. "Lakini hakuna aliyeuliza. Huyu anakaa Galu. Saa zangu za kutoka amezijuaje zote, siku baada ya siku, mpaka anazisema bila kusoma popote? Mwulizeni chakula ninachokipenda, mwone kama anakijua."

Mzee Chirau alishusha mikono kidogo. Alisema, kwa upole, kwamba hayo ni mapenzi yaliyopita kiasi, na mume ameshaomba radhi.

"Ameomba radhi kwa kunidhania," Hasina alisema. "Leo bahari imenitetea, nashukuru. Kesho nikienda sokoni, nani atanitetea? Nikienda kwa somo yangu kusukwa nywele, hakuna bamvua ya kusuka nywele. Kama ningekuwa siendi baharini hata siku moja, nimekaa tu mahali nikipunga upepo, ingekuwaje? Mngesema nimesafika?"

Mama alisema kwa sauti ya chini kwamba, mwanangu, hakukupiga.

"Hakunipiga, mama. Hakuwa na haja. Nilikuwa nimeshajipiga mwenyewe kabla hajafika." Na hapo akamweleza mama habari ya sabuni, mbele ya wanaume, bila haya. Alivyosimama dukani. Alivyotaka kuuliza. Alivyorudi bila kitu na mkono wake wenyewe ukamtisha. Alipokuwa akiisimulia aliona haikuwa habari ndogo hata kidogo. Mama alisikiliza mdomo wazi, na kile kicheko cha bamvua kikawa kimeshapotea sebuleni bila mtu kukifukuza.

Mramba alifuta machozi. Yalikauka upesi mno. Alisema, sasa akiwatazama wazee na si mkewe, kwamba yeye hakubuni jipya. Mke humuaga mumewe. Hayo ni mafunzo ya hapa hapa pwani, na aliyemfunda Hasina yumo humu ndani, aulizwe.

Bi Mwanarusi hakungoja kuulizwa.

"Nilimfundisha kuaga," alisema. "Kuaga ni kumwambia mwenzio unatoka, akuombee heri, asikutafute bure. Mume naye humuaga mkewe. Wewe, mwanangu, umewahi kumuaga huyu unapokwenda Galu? Alikuwa akikutazama mgongo tu. Kuaga nilimfundisha. Kuomba ruhusa ya kuvuta pumzi sikumfundisha, na usinitie mdomoni."

Baba mdogo kutoka Kinango aliinamisha kichwa. Mzee Chirau alianza kusema kwamba yote haya yanaweza kutengenezwa, waupe muda, watoe masharti, Mramba ataahidi. Aliendelea kusema, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na pengine kwa kuwa mfano wake wa barazani ulikuwa ukimponyoka mbele ya watu.

Nje, nyuma ya ua wa makuti, zikasikika ndoo zikigongana na sauti za wanawake. Mmoja aliita bila kujua kuna nini ndani. Alisema Hasina afanye hima, maji yanatoka.

Hasina akasimama. Ndoo yake ilikuwa pembeni ya mlango wa uani, na ndani yake kamba zake, zimekunjwa tangu asubuhi. Hakuziweka pale kwa bahati. Alikuwa amekata shauri kabla ya kikao, kwamba wakiamua watakavyoamua, maji ya leo hayatampita. Akamwambia Mzee Chirau kwamba kesho kutwa atakwenda kwa Kadhi kudai talaka, na kama mjomba wake atataka kumsindikiza atafurahi, na kama hatataka, njia anaijua.

Akamuaga mjomba. Akamuaga mama, na mama, bado ametoa macho, alimshika kidole kimoja akakiachia. Akambusu mkono Bi Mwanarusi. Akamuaga hata yule mzee wa Kinango, aliyemwombea heri. Kisha akainama, akachukua ndoo.

"Unakwenda wapi?" Mramba aliuliza.

Aliuliza kwa upole uleule wa siku zote. Ndoo ilikuwa mkononi mwa mkewe, kamba zilionekana, wanawake walikuwa wakimwita, na maelezo yote ya bahari alikuwa ameyapata muda si mrefu pale pale mkekani. Na bado aliuliza. Wote walimgeukia Hasina kungoja jibu, kama ilivyo desturi mtu akiulizwa. Jibu lilimpanda mpaka kooni lenyewe, kwa mazoea, pamoja na maelezo yake yote: na nani, mpaka saa ngapi, na picha akifika. Hasina alifungua kinywa.

Halafu akakifunga. Akalimeza jibu lile lote, akatoa simu kwenye pindo la kanga, akaiweka katikati ya mkeka, akatoka.

Hakukimbia. Walimsikia akiamkiana na wenzake nyuma ya ua, mmoja akauliza mbona amechelewa, naye akasema kitu kilichowachekesha wote, na kile kicheko kikaanza kuteremka kuelekea pwani. Mramba alikuwa amesimama mlangoni, akichungulia, na mkono wake ulikuwa tayari mfukoni. Akatoa simu yake. Akabonyeza, akaiweka sikioni.

Simu iliyokuwa mkekani ikalia.

Ililia mbele ya miguu ya Mzee Chirau, ikizunguka kidogokidogo kwa mtetemo, na jina la Mramba likiwaka juu yake. Ililia mpaka ikakatika. Mramba, mgongo kwa wazee, macho njiani, akabonyeza tena, na ikalia tena. Mama aliitazama ile simu, na polepole uso wake ukabadilika, kama mtu aliyeshika chungu akidhani kimepoa. Ilipolia mara ya tatu Mzee Chirau aliiokota, akaishika kiganjani, akaisikia inavyotetemeka. Akamtazama mkwewe.

"Mramba," alisema, na hakumwita mkwe. "Mkeo umemwona anatoka. Simu yake umeiona anaiacha. Unampigia nani?"

Mramba aliendelea kubonyeza.